Makala ya Utafiti Haianzi na Utangulizi

Ukipita maktaba wiki hizi utawakuta wenzetu wa mwaka wa mwisho: kompyuta iko wazi, ukurasa mweupe, juu kabisa sentensi moja, "Kisukari ni tatizo kubwa duniani." Mtu ameganda hapo tangu saa mbili asubuhi. Siwacheki. Mwaka jana nilikuwa mimi, ila langu lilikuwa kliniki ya wajawazito. Niliandika utangulizi wa kurasa tisa. Msimamizi wangu akausoma wote, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Sasa wewe ulifanya nini?" Nikakosa jibu.

Hoja yangu ni fupi. Makala ya utafiti wa tiba ianze kuandikwa kwenye mbinu. Sisi tunaoanza na utangulizi tunajitesa wenyewe, na kibaya zaidi, tunawakosea wagonjwa waliotupa muda wao.

Mpangilio wenyewe si siri: utangulizi, mbinu, matokeo, majadiliano, na ikisiri juu yake. Mwaka 1965 mtakwimu Mwingereza Austin Bradford Hill, aliyekuwa nyuma ya jaribio maarufu la streptomycin kwa wagonjwa wa kifua kikuu, alieleza kwamba msomaji ana maswali manne tu. Kwa nini ulianza? Ulifanya nini? Ulipata nini? Na hicho ulichopata kina maana gani? Kila sehemu ya makala inajibu swali moja. Ukijibu swali la nne ndani ya sehemu ya tatu, umeshamchanganya msomaji.

Lakini mpangilio wa kusoma si mpangilio wa kuandika. Mbinu ndiyo sehemu pekee ambayo tayari unaijua. Nusu yake imo kwenye pendekezo ulilopeleka kamati ya maadili: pale ulipoandika "tutafanya", sasa andika "tulifanya", na pale mambo yalipokwenda tofauti na mpango, sema hivyo. Halafu tengeneza majedwali. Matokeo yaandikwe kufuata majedwali, bila maoni. Baada ya hapo njoo kwenye majadiliano, kisha utangulizi wa aya tatu nne: kinachojulikana, kisichojulikana, swali lako. Ikisiri iwe ya mwisho, na uiandike kwa makini, kwa sababu wasomaji wengi hawavuki hapo.

Kuna atakayesema mbinu ni sehemu kavu, ya kujazia tu. Basi asome habari ya Mwanza na Rakai. Mwaka 1995 watafiti waliofanya kazi mkoani Mwanza walichapisha kwenye jarida la Lancet jaribio la jamii 12. Sita kati yake ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati: wahudumu wakapewa mafunzo, dawa zikawepo. Maambukizi mapya ya VVU huko yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Mwaka 1999 ukaja utafiti wa Rakai, Uganda, kwenye jarida lilelile: watu wengi walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kwa awamu, majumbani, na VVU haikupungua.

Nani muongo? Hakuna. Kwa kuwa pande zote mbili zilieleza wazi zilichofanya, kwa nani na lini, wengine waliweza kukaa chini na kulinganisha. Mwanza tiba ilipatikana kila siku kwa mwenye dalili. Rakai ilikuja kila baada ya miezi kadhaa. Rakai janga lilikuwa limeshakomaa; Mwanza bado lilikuwa changa kidogo. Ule uliotoka na "hapana" ulifundisha sawa na ule uliotoka na "ndiyo". Mbinu zingeandikwa kiujanja-ujanja, tungebaki na ubishi wa kijiweni.

Hapo ndipo na mimi nilijaribiwa. Nilitegemea kwamba akina mama wanaoishi mbali na kliniki ndio wanaokosa mahudhurio. Data ikasema hakuna tofauti. Rafiki yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanishauri: "Wagawe kwa umri, ikigoma wagawe kwa elimu, mpaka p ishuke chini ya 0.05." Jamani, ukipima vitu 20 ambavyo havina uhusiano wowote, kwa wastani kimoja kitapita kwa bahati tu. Huo si ugunduzi, ni bahati nasibu. Niliandika "hakuna tofauti" na nikaeleza sampuli yangu ilikuwa ndogo kiasi gani. Alama hazikunyooka sana, lakini nalala usingizi.

Jambo jingine ni majina. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito kwenye wazo au data, ameandika au kurekebisha andiko, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kulijibia. Yote manne, siyo moja. Cheo cha mtu hakimo. Rafiki aliyekukopesha kompyuta naye hayumo. Yeye mshukuru mwishoni. Mkubaliane majina na mfuatano wake mapema, kabla kazi haijanoga, maana ikishanoga kila mtu anakuwa mzazi.

Najua jibu la wengi: "Hii ni ripoti ya kupatia alama tu, nani ataichapisha?" Ni kweli majarida mengine yana ada ambazo bumu letu haliwezi. Ila yapo yasiyotoza, na yapo yanayowapunguzia waandishi wa nchi zetu. Hata ukikosa yote, unaweza kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili ukaurudisha kliniki ulikochukua data. Huo ukurasa ni kipimo pia: ukishindwa kumweleza muuguzi wa zamu utafiti wako kwa Kiswahili cha kawaida, basi hata kwa Kiingereza hujauelewa, umejificha tu nyuma ya maneno makubwa.

Nasema haya kwa sababu ya mama mmoja. Alikaa nami kwenye benchi akijibu hojaji yangu huku foleni ikimpita. Tulipomaliza akauliza, "Mwanangu, haya majibu sisi tutayaona wapi?" Nilimwambia yatarudi. Ripoti yangu ilipojalidiwa ikaingia kabatini pamoja na za miaka iliyopita, na mimi nikachukua miezi minne kuandika ule ukurasa mmoja na kuubandika ukutani pale kliniki.

Miezi minne, kwa kazi ya jioni moja. Wewe leo funga huo utangulizi, fungua faili jipya, andika: "Tulifanya…"