ALI TUNAYEMSIFIA SIYE ALI ALIYEKUWA MKUBWA

SEHEMU YA 1

Leo chanjo na uji wa lishe vipumzike kidogo.

Mama mmoja aliuliza hapa kama amruhusu mwanawe wa miaka 9 aanze ndondi. Akina baba wakavamia komenti, na mjadala ukageuka kuwa nani bingwa bora wa uzito wa juu wa muda wote. Jibu lililopendwa zaidi lilikuwa hili: "Mruhusu akakomae. Muhammad Ali alikuwa mkubwa kwa sababu alikula ngumi na haanguki."

Mimi ni nesi, lakini nimelelewa na baba mpenda ngumi, mapambano ya Ali nimeyaangalia mpaka nimeyakariri. Kwamba Ali ni namba moja, nakubali. Sababu mnayoitoa ndiyo ninayoipinga, tena kwa nguvu zote, maana ndiyo hiyo mnayowafundishia watoto.

Halafu hilo la haanguki wala si kweli. Henry Cooper alimwangusha London mwaka 1963. Joe Frazier alimwangusha New York mwaka 1971, raundi ya 15. Tuendelee.

SEHEMU YA 2

Ali mkubwa ni wa Februari 1964 mpaka Machi 1967. Ana miaka 22 anampokonya Sonny Liston ubingwa kule Miami, wakati karibu kila mtu aliamini Liston atamuua. Tafuteni pambano lake na Cleveland Williams, Houston, Novemba 1966. Jamani, mtu wa uzito ule anateleza ulingoni kama yuko kwenye sakafu yenye sabuni! Mikono iko chini, kichwa kinarudi nyuma kidogo tu, ngumi inapita. Williams alianguka mara 4 na pambano likaisha raundi ya 3. Yeye Ali karibu hakuguswa.

Mapambano 29, ushindi 29. Kwa macho yangu hakuna bondia wa uzito wa juu, kabla wala baada, aliyepiga sana huku akipigwa kidogo namna ile. Mike Tyson aliogopesha, sibishi, bingwa akiwa na miaka 20. Lakini Tyson alihitaji umsimamie mbele, na Ali yule hakuwa anasimama mbele ya mtu.

Aprili 1967 akakataa kuingia jeshini kwenda vita ya Vietnam. Wakamvua ubingwa, wakamnyima leseni na pasipoti. Alikaa nje miaka mitatu na nusu, kuanzia miaka 25 hadi 28, umri ambao bondia ndiyo anaiva. Mahakama Kuu ya Marekani ikaja kufuta hukumu yake mwaka 1971. Kwa ujasiri, huo unanitosha. Hakuhitaji kupasuliwa uso ili tujue ni mwanaume.

SEHEMU YA 3

Aliporudi, miguu haikuwa ile. Hapa ndipo ilipoanza hii hadithi yenu ya kula ngumi.

Mwaka 1973 Ken Norton alimvunja taya, akaendelea kupigana nalo. Mazoezini alikuwa anajiegemeza kwenye kamba na kuwaacha wenzake wampige makusudi, eti mwili uzoee. Wapendwa, ngozi ya mkono inaweza kuota sugu. Ubongo hauoti sugu. Ni kitu laini kinachoelea ndani ya mfupa, kila ngumi inautikisa, na mtikisiko wa leo haufutwi na usingizi wa leo.

Mtaniambia Kinshasa. Sawa, Oktoba 1974, George Foreman, kamba zile, raundi ya 8. Kinshasa naikubali kama akili. Alifunika uso kwa mikono, alimkumbatia Foreman shingoni, alimchosha kwa maneno. Na kilichomwangusha Foreman ni kasi ile ile ya zamani, ngumi za harakaharaka ambazo hakuziona zikija. Watu wakaondoka na somo baya kwamba kuvumilia kipigo kunaleta ubingwa. Mwaka mmoja baadaye kule Manila yeye na Frazier waliumizana raundi 14, mpaka Eddie Futch, mwalimu wa Frazier, akasema basi. Ali mwenyewe alisema ilikuwa karibu na kufa. Na sisi tunaiita burudani!

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo inayonichemsha.

Septemba 1977, baada ya raundi 15 na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco aliona vipimo vya figo vimeharibika. Akaandika barua kwa Ali, kwa mke wake na kwa meneja wake. Hakujibiwa, akaondoka kwenye kona. Hivi daktari wa familia akikwambia figo za mumeo zinaharibika, utampeleka mumeo kazini kesho yake?

Februari 1980 Ali alikuja Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Wakati huo Ali alikuwa ameshastaafu, ana miaka 38. Angebaki hivyo hivyo. Oktoba mwaka ule ule wakamrudisha ulingoni Las Vegas apigane na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Kabla ya pambano alikuwa anameza vidonge vya homoni ya thairoidi, vinavyopunguza uzito, vinakimbiza moyo na kufanya mwili ushindwe kupoa. Alionekana mwembamba, mzuri, kama wa 1966. Hakushinda hata raundi moja. Angelo Dundee alisimamisha baada ya ya 10. Na bado Desemba 1981 wakampeleka Bahamas kwa Trevor Berbick.

Mwaka 1984, miaka 42, akatangazwa kuwa na dalili za Parkinson. Madaktari bado wanabishana ngumi zilichangia kiasi gani. Ila kwamba kupigwa kichwani mara kwa mara kunaharibu ubongo wa bondia, Dkt. Harrison Martland aliliandika tangu 1928.

SEHEMU YA 5

Kwa hiyo orodha yangu: Ali wa miaka ile mitatu, kisha Joe Louis aliyetetea mkanda mara 25. Na Lennox Lewis mpandisheni juu kuliko mnavyomweka. Alipoteza mara mbili, akawalipa wote wawili, akamshinda Vitali Klitschko mwaka 2003, mwaka uliofuata akaondoka na hakurudi tena. Rocky Marciano naye aliondoka 1956 na 49 zake, hajashindwa. Kujua kuondoka nako mkuhesabu mnapopanga mabingwa.

Mama uliyeuliza: kuruka kamba, kupiga mfuko, miguu, kukwepa, mpeleke, ni mazoezi mazuri sana. Kupigwa kichwani, hapana, na mwalimu akisema "akomae", mrudishe nyumbani. Mtoto akigongwa kichwa halafu akawa anatapika mara kwa mara, anasinzia ovyo, anachanganyikiwa, anapata degedege au mboni za macho hazilingani, usisubiri asubuhi, mlete hospitali.

Akina baba, komenti ziko wazi. Kesho narudi kwenye surua, kuna mama watatu bado nawadai tarehe za chanjo.