Chandarua kizima kwanza, televisheni baadaye

Mwandishi, katika makala yako kuhusu nyumba za wageni umegusa mengi, ila chandarua umekipita haraka mno. Huku kwetu Kigoma, kandokando ya ziwa, malaria bado inaua. Mgeni anapewa chumba chenye televisheni kubwa ukutani, halafu chandarua kina matundu ya kupitisha ngumi, au ni kifupi, hakichomekeki chini ya godoro. Hilo linanikera kuliko yote, maana sindano na uzi havimfilisi mtu.

Maji nayo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na unaliona dirishani kabisa, lakini alfajiri bomba halitoi hata tone. Basi, wenye nyumba, jazeni ndoo bafuni tangu jioni, na kata iwepo.

Tena kuna hii amri ya kutoka chumbani saa nne asubuhi. Boti za abiria zinazopita hifadhi ya Gombe huondoka mwalo wa Kibirizi mchana. Mgeni akae wapi na mizigo yake? Wenye nyumba za wageni, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, tafadhali tengeni chumba kidogo cha kuwekea mabegi, chenye kufuli.