Tusikariri Degre, Tuzipime



Juma iliyopita, katika kilasi ya mwisho, mwalimu wa jeografia alituuliza Bukavu yetu iko wapi. Tukajibu sisi wote kama kwaya: latitudo degre 2 na dakika 30 kusini, longitudo degre 28 na dakika 51 mashariki, karibu metre 1500 juu ya bahari. Mwalimu akafurahi. Kiisha akauliza tena: «Mulijua namna gani?» Kimya. Hata sisi makapita, tunaopenda kupaza sauti mbele ya mistari asubuhi, tuliangalia chini. Mumoja wetu akasema: «Iko mu kitabu, Mwalimu.»

Jibu hilo ndilo linatuandikisha leo. Sisi tunaona kama ni haya. Mutu anayejua namba bila kujua inatoka wapi, anapashwa kukubali kila namba anayopewa.

Tuanze na latitudo. Siku ya 21 Machi ao 23 Septemba, jua linapita sawasawa juu ya ekwateri. Simamisha mti wa metre 2, umenyooka kabisa. Saa ya kivuli kifupi kupita vyote, hapa kwetu utaona kivuli cha santimetre karibu 9, kikielekea kusini. Kwa kivuli hicho na urefu wa mti, mwanafunzi aliyejifunza tangente atapata degre 2 na nusu. Hakuna mashini, hakuna feza.

Longitudo ni kazi ngumu kupita, sababu inaomba saa. Dunia inazunguka degre 360 kwa saa 24, maana yake degre 1 kwa dakika 4. Saa tunayofuata huku mashariki ya Kongo ni ile ya meridiani ya 30. Sisi tuko kidogo magaribi yake. Kwa hiyo siku ya 15 Aprili, wakati jua na saa vinapatana, kivuli kifupi hakitafika saa sita kamili, kitafika karibu dakika 4 na nusu nyuma. Gawanya kwa 4, utaona tuko degre 1 na kidogo mbali na ile meridiani. Lakini angalieni: saa yako ikikosa dakika moja tu, utakosa karibu kilometre 28!

Wengine watasema: «Na kosa hilo linatuhusu nini?» Linatuhusu sana. Katika mwaka 1885 Léopold II alitangaza mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Fasi moja ya upande wetu, mupaka ulikuwa ile meridiani ya 30. Waliuchora kule Ulaya ku meza, wakati hakuna Muzungu aliyekuwa amefika ku ziwa Kivu. Von Götzen alifika tu 1894. Wasafiri wa siku zile walipima kwa saa zilizobebwa mu mizigo, mu mvua na mu matope. Wakati wapimaji walikuja kutafuta musitari wenyewe ku udongo, ramani na inchi havikupatana. Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani wakagombana, mpaka wakapatana Brussels mwaka 1910. Hapo wakafuata maziwa, mito na vilele vya volkano. Kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo, Bufumbira ikaenda Uganda. Watu wa lugha moja wakajikuta huku na huku ya mupaka. Wazee wetu hawakuulizwa, na hawakuwa na chombo cha kusema: «Hapana, mumepima vibaya.»

Na altitudo? Inahesabiwa tangu usawa wa bahari. Wapimaji wanapanda hatua kwa hatua na darubini na mti wenye namba, ao wanatumia barometre, kwani hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda. Hata sufuria inapima. Kule Moanda, kando ya bahari, maji yanachemka kwa degre 100, hapa kwetu kwa karibu 95. Ndiyo maana maharagi ya internat yanakawia kuiva, si kosa la mupishi peke yake! Tena ziwa Kivu liko karibu metre 1460, na Tanganyika karibu 770. Ndani ya muteremuko huo wa Ruzizi ndimo unatoka umeme wetu wa kusomea usiku.

Tunawasikia wenye kusema: «Telefone inaonyesha yote.» Ndiyo, hata zile tunazowanyanganya mu dortwari. Telefone inasikiliza satelite ine ao zaidi, inahesabu wakati ambao ishara ilitumia njiani, na kwa hiyo inajua umbali. Ni hesabu ya saa vilevile, na kwa urefu wa juu inakosa zaidi. Hatusemi muitupe. Tunasema: mutu aliyepima mwenyewe anaweza kuiuliza maswali. Asiyepima anaiitikia tu «amina».

Basi tunaomba uongozi wa shule kitu kimoja kidogo. Siku ya Posho, wakati wa salongo, turuhusiwe kusimamisha nguzo ya metre 2 katikati ya uwanja, na mawe ya kuonyesha kaskazini na kusini. Simenti kidogo itatosha, muchanga tutaubeba sisi wenyewe. Kila kilasi ipime, iandike ndani ya daftari moja, na wanaofuata wasahihishe makosa yetu.

Sisi wa kilasi ya mwisho tutaondoka kiisha Examen d'État. Hatupendi kuacha majina yaliyochorwa ku madawati tu. Tunapenda kuacha kivuli kinachofundisha.

Kapita wa shule, kwa jina la makapita wote