Bastola ya Polisi wa Ulaya



Mara nyingi tunasikia mabishano katika kampi na katika baa za komini. Mmoja aliyefika London anasema: polisi wa kule hachukui bunduki, ana fimbo tu, na watu wanamsikia. Mwingine aliyekaa Bruxelles anakataa: uongo! Mimi nilimwona polisi wa Ulaya kwa macho yangu, bastola iko kiunoni tangu asubuhi mpaka usiku. Wanagombana hivyo hata chupa zinakwisha. Sisi tunawaambia: ninyi wawili mmesema kweli. Ulaya si kijiji kimoja. Lakini ndani ya mabishano yenu kuna neno kubwa, na tunataka kulieleza leo.

Tuanze na London. Polisi ya mji ule ilianzishwa mwaka wa 1829 na waziri Robert Peel. Wenyeji hawakuitaka. Waliogopa kwamba serikali inawaletea jeshi katikati ya nyumba zao. Basi Peel akawavika polisi koti la buluu, si jekundu kama la askari wa vita, akawapa fimbo. Hata leo polisi walio wengi wa Uingereza wanatembea bila bastola. Ukichukua polisi kumi, hata mmoja mzima hupati mwenye ruhusa ya bunduki. Wenye ruhusa ni vikosi vilivyofundishwa, vinavyozunguka na motokari zao. Na asiseme mtu kwamba mji wa namna hiyo hauna ulinzi. Usiku wa tarehe 3 Juni 2017, watu watatu walipoua wapita njia pale London Bridge, polisi wenye bunduki waliwamaliza dakika nane tu baada ya simu ya kwanza.

Hayo ni mazuri. Sasa sikilizeni upande wa pili.

Serikali ile ile ya London ilikuwa na polisi mwingine ng'ambo ya bahari, katika Ireland, inchi waliyoitawala kwa nguvu. Polisi yule hakupewa fimbo peke yake. Alipewa bunduki, akalala katika kambi kama askari anayelinda inchi iliyotekwa. Bunge moja, mfalme mmoja, lakini polisi wawili! Kwa Mwingereza, fimbo. Kwa Mwailandi, bunduki. Je, wezi wa Ireland walikuwa wakali kuliko wezi wa Uingereza? Hapana. Mwingereza alihesabiwa kuwa mwenye inchi, na Mwailandi alihesabiwa kuwa mtu wa kuchungwa.

Mwaka wa 1922 Waailandi walipata serikali yao. Polisi ya zamani ikavunjwa, wakaunda yao wenyewe, mkubwa wake wa kwanza akiwa Michael Staines. Na wakaamua kwamba polisi huyo mpya mwenye yunifomu atembee bila bunduki. Kumbukeni ni mwaka gani! Ndugu walikuwa wanapigana na ndugu zao, bunduki zilikuwa katika kila shamba. Mwaka ule ule kijana mmoja wa polisi hao alipigwa risasi akafa. Hata hivyo hawakurudisha bunduki mikononi mwao. Tunakiri kwamba habari hii ilitushangaza tulipoisoma, maana tulizoea kuambiwa kwamba inchi changa haiwezi kusimama bila mtutu. Mpaka sasa polisi wa barabarani wa Dublin hana bastola. Wapelelezi na vikosi vya pekee ndio wanazo. Panda treni, kwa saa mbili hivi ufike Belfast, mahali panapotawaliwa na London hata leo: kule polisi ana bastola kila siku. Kisiwa ni kimoja.

Na Wabelgiji? Hao tunawajua. Polisi wao anavaa bastola, na kabla ya mwaka wa 2001 walikuwa pia na wajandarma wao. Tarehe 30 Julai 1950, pale Grâce-Berleur karibu na Liège, inchi ya makaa ya mawe na ya viwanda vya chuma, watu walikusanyika kumkataa mfalme Léopold III. Wajandarma wakapiga risasi. Watatu wakafa, kisha wa nne. Inchi nzima ikawaka. Tarehe 1 Agosti, siku mbili tu, mfalme akakubali kumwachia mwanawe Baudouin madaraka. Wafu wanne, na mfalme akashuka!

Ninyi wafanyakazi wa mgodi, mnajua tunakokwenda. Desemba 1941, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Watu wa Union Minière walitaka mshahara uongezwe, kwa sababu bei zilipanda wakati wa vita. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wa Force Publique, waliokuwa jeshi na polisi pamoja, wakafyatua. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale. Leta yenyewe ilihesabu wafu karibu 50. Wazee waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Mfalme alikuwa yule yule Léopold, ingawa wakati huo Wajerumani walimfunga. Kwa ajili ya wafu hao hakuna kiti cha mfalme kilichotikisika.

Wengine watasema hayo ni ya koloni, katika Ulaya yenyewe hayatokei. Yametokea Paris. Tarehe 17 Oktoba 1961 Waalgeria, waliokatazwa kutoka usiku, waliandamana pamoja na wake zao na watoto. Polisi wa Maurice Papon waliwapiga fimbo na risasi, wakawatupa wengine katika mto Seine. Serikali ikasema wamekufa watatu. Wenye kuandika historia wanahesabu makumi, na wengine zaidi ya mia. Papon alihukumiwa mwaka wa 1998, lakini kwa kosa la kuwatoa Wayahudi kwa Wajerumani. Kwa Waalgeria hao hakuhukumiwa. Na siku hizi? Sheria ya 2017 iliwafungulia polisi wa Ufaransa mlango wa kupiga motokari inayokataa kusimama. Mwaka wa 2022 watu 13 walikufa namna hiyo. Juni 2023, pale Nanterre, kijana wa miaka 17, mwana wa watu waliotoka Afrika ya Kaskazini, akapigwa karibu kabisa na dirisha la motokari.

Waislandi ni wachache, lakini tuwataje. Polisi wao waliua mtu kwa risasi mara ya kwanza katika jamhuri yao Desemba 2013, na wakubwa wa polisi wakasimama mbele ya watu wakasema wanasikitika.

Hata London tusiisifu kupita kiasi. Julai 2005 polisi walimuua fundi wa umeme kutoka Brazil katika treni ya chini ya ardhi, wakidhani ni mtu wa mabomu. Hakuna polisi hata mmoja aliyeshitakiwa. Lakini polisi ya mji nzima iliitwa mbele ya tribinali, na mwaka wa 2007 ikalipishwa pauni 175,000, kwa sheria gani? Sheria ya usalama wa kazi, dada ya zile zinazomlinda mfanyakazi asiponzwe na mashine. Jina la maiti, risasi ngapi, nani alitoa amri: yote yalisomwa mbele ya watu.

Kwa risasi za uwanja wa mpira wa 1941, hayo hayajasomwa mbele yetu. Makaratasi ya koloni yako Bruxelles. Watoto na wajukuu wa waliokufa wangali Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Sisi tunadai majina yote, na jina la aliyetoa amri, yabandikwe katika kila komini.