Gari la Mseto na Matope ya Kipkelion

Wako watu wasemao kuwa gari dogo la mseto, litumialo petroli na umeme, humfaa kila mtu. Mimi nakana. Chukua Toyota C-HR ya mseto, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2016. Kubana petroli ni hodari: dereva akanyagapo breki, nguvu ya mwendo hugeuzwa umeme ikawekwa betrini. Foleni za Nairobi zaipa sifa, na miteremko yetu kadhalika. Lakini nguvu zake zote huzungusha magurudumu ya mbele tu, na tumbo lake halikuinuka sana. Mvua kubwa inyeshapo Kipkelion, mkulima atafikisha maziwa yake kabla hayajachacha? Gari lililokwama halinywi petroli, wala halifikishi mzigo. Vijana, msihesabu lita tu. Hesabuni na njia.