Jerikani ya maji ya Masisi

Vijana wenzangu, na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, leo naomba tuongee habari ya maji.

Mwaka jana mama mdogo alimlipa dereva wa lori amletee jerikani moja ya maji ya chemchemi ya kijiji chetu, kule milima ya Masisi. Lita 20 tu, njia yote hiyo mpaka huku Uganda. Binamu yangu alikuwa halali tena usiku. Anakaa mlangoni, haongei, sahani anaisukuma pembeni. Mama mdogo alishaamua: "Maji ya huku iko na chumvi, ndiyo inamuharibia kichwa. Kwetu alikuwa mzima."

Kabla ya hapo alimpeleka kituo cha afya. Alipotaja maji, mhudumu mmoja akacheka. Basi. Hakurudi kwa miezi minne. Hicho kicheko ndicho kinanifanya niandike.

Kwa sababu mama hakusema upuuzi mtupu. Kuna madini yanaitwa lithiamu. Maji huyachukua kwenye miamba yanapopita, na madaktari huyatoa kama vidonge kwa wagonjwa ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya maji ya bomba katika manispaa 18 za mkoa wa Oita: palipokuwa na lithiamu nyingi, waliojiua walikuwa wachache zaidi. Mwaka 2011 Austria, nchi ya milima ya Alpi, wakalinganisha wilaya 99, wakaona mwelekeo huohuo. Hiyo haithibitishi kwamba ni maji yaliyowaokoa, maana watu wa wilaya mbili hutofautiana kwa mengi. Lakini wataalamu hawakucheka, walipima.

Sasa tupige hesabu na sisi. Kule Oita, maji yaliyoongoza yalikuwa na maikrogramu 59 za lithiamu kwa lita. Kidonge kimoja cha miligramu 300 kina lithiamu yenyewe kama miligramu 56. Ili uipate kwa maji hayo ya Oita, unywe karibu lita 950, yaani jerikani zaidi ya 47. Kwa kidonge kimoja! Mama mdogo alileta moja, ya chemchemi ambayo hakuna aliyeipima. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandikiwa vidonge hivyo, usiviache eti umepata maji ya nyumbani. Na usiazime vya jirani, dawa hiyo inataka kupimwa damu.

Ila kuna madini mengine ambayo sisi watu wa milimani tungepaswa kuyajua kuliko hata lithiamu: madini joto, yaani iodini. Mvua za miaka mingi huyaosha kwenye udongo wa milima. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilijulikana kwa watafiti kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wazee wetu waliuzoea kama sura ya ukoo. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa akili yake imedumaa. Mtu mzima ambaye tezi yake ya shingo imelegea huchoka, husikia baridi, huzama kwenye huzuni. Dawa ya upungufu huo ni chumvi ya dukani iliyotiwa madini joto, si safari ya lori. Ninyi wahudumu, mtu wa milimani akiwaambia kichwa kimeharibika kwa maji, mguseni shingo kwanza, muulize anatumia chumvi gani. Mkishamsikiliza hapo, atawaambia na mengine.

Binamu yangu alikuwa na mengine. Shingo yake haikuwa na kitu. Yale aliyoyaona njiani siyaandiki hapa, ni yake. Maji aliyanywa wiki mbili na usingizi haukuja. Mwezi wa tano kijana mwenzetu, mhamasishaji wa afya, alikuja nyumbani, akakaa na mama mdogo, akamuuliza chemchemi iko upande gani wa kilima. Waliongea chemchemi jioni nzima. Kesho yake mama akakubali kurudi kituoni pamoja naye.

Siku hizi anaenda kikundi kila Alhamisi. Usiku analala saa nne, tano. Jerikani bado iko chini ya kitanda na maji kidogo ndani. Mama mdogo hataki imwagwe, na sisi hatujamwomba.