Mtoto wa Mbwa wa Ukoo Alipiwe Kiasi Gani?

Sajini mmoja wa polisi, aliyebakiza miaka michache kabla ya kustaafu, aliihamisha jamaa yake kutoka kambini na kuiingiza katika nyumba yake mwenyewe, kando ya njia iendayo Mukono kutoka Kampala. Kambini palikuwa na lango, zamu na taa usiku kucha. Penye nyumba mpya palikuwa na ua wa michongoma na giza. Mwezi wa pili, jirani aliibiwa pikipiki. Juma lile lile sajini alipata katika simu yake picha ya mtoto wa mbwa wa Kijerumani, mweusi na kahawia, mwenye miguu minene kama ya mwanasimba, na chini ya picha hiyo bei yake: shilingi 1,200,000.

Jioni alimwonyesha mkewe.

"Mama Watoto, huyu ni mbwa wa ukoo. Tazama miguu."

"Nimeitazama, Baba Watoto. Na karo ya muhula ujao nayo umeitazama?"

Akiba yao yote ilikuwa shilingi 2,000,000, na katika hizo 900,000 zilikuwa za karo. Swali lililowakabili watu hawa wawili huzikabili nyumba nyingi za askari siku hizi. Mwenye kuuza hutaja bei kwa sauti ya mtu aliyeiona imeandikwa mbinguni, na mwenye kununua, kwa kuwa hana kipimo, ama huilipa yote ama hukimbilia kwa auzaye rahisi. Yafaa basi kujua ni kitu gani hasa kinacholipiwa.

Neno "ukoo" lisimtishe mtu. Mbwa wa Kijerumani, anayejulikana sana kwa kazi ya polisi na jeshi, si kiumbe wa tangu kale. Mwaka 1899 kapteni mmoja wa wapanda farasi katika jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona katika maonyesho ya mjini Karlsruhe mbwa wa kuchunga kondoo aliyempendeza. Akamnunua, akamwita Horand von Grafrath, na mwaka huo huo akashiriki kuanzisha chama na kitabu cha kuandikia mbwa wa namna hiyo, Horand akiwa wa kwanza kuandikwa. Kapteni yule alishikilia kwamba sifa ya mbwa ni kazi yake na akili yake, na kwamba uzuri usio na kazi si kitu.

Kwa hiyo hati ya ukoo ni orodha ya wazazi na mababu. Humwambia mnunuzi mtoto ametoka wapi, na kwa hiyo humpa dalili ya ukubwa atakaoufikia na tabia anayoweza kuwa nayo. Haimwambii kama mtoto huyo ni mzima, kama amechanjwa, wala kama nyonga zake zitamchukua hadi uzeeni. Hati hununua habari. Afya hulipiwa mahali pengine.

Mahali hapo ni kwa mama. Mbwa jike huchukua mimba kwa siku 63 hivi. Muda huo na wakati wa kunyonyesha hula zaidi ya kawaida yake, na mfugaji mwaminifu humlisha. Watoto huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama au katika maziwa yake, na kwa sababu hiyo dawa ya minyoo huanza wakiwa na umri wa majuma mawili, ikarudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka waachishwe. Dawa hii haimfai mbwa peke yake. Mayai ya minyoo hiyo huangukia uani, na mtoto wa binadamu anayechezea udongo huyapeleka kinywani kwa vidole.

Kisha huja chanjo. Ugonjwa wa parvo, unaowaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika, ulitambuliwa mwaka 1978, na katika muda mfupi ukaenea duniani. Mbwa wa Kijerumani ni miongoni mwa jamii zinazoshikwa nao kwa urahisi zaidi. Chanjo ya parvo na ya distempa huanza mtoto akiwa na majuma 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 hadi atimize majuma 16. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyoipata katika maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa kumtazama tu ni siku gani kinga hiyo imekwisha. Kwa hiyo mwuzaji asemaye "huyu amemaliza chanjo zote" juu ya mtoto wa majuma saba, ama hajui asemalo, ama anajua sana.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akiwa na miezi mitatu. Hii haina mjadala katika nyumba yoyote, awe mbwa wa ukoo au wa kijijini. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani huwa wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Jumamosi sajini na mkewe walikwenda kwa yule mwenye picha. Walikuta hati nzuri za babu na bibi, zenye mhuri. Watoto walikuwa na majuma matano. Mama yao hakuwapo. "Yuko kwa ndugu yangu," alisema mwenyeji. Kadi ya chanjo haikuwapo, "itafuata." Sajini, ambaye kazini alikuwa amesikia maneno kama hayo kutoka kwa watu wengi, aliinamisha kichwa. Mkewe, aliyezoea kununua mbuzi wa sikukuu, alichuchumaa akatazama macho ya mtoto, akanusa masikio, akapapasa kitovu kuona kama pana uvimbe, akatazama tumbo lililojaa kama ngoma ilhali mbavu zinahesabika. Tumbo la namna hiyo aghalabu huwa limejaa minyoo.

"Bwana," akasema, "shilingi hizi 1,200,000 ndani yake mna nini?"

"Mama, ndani yake mna damu ya Ujerumani."

"Damu tumeiona kwenye karatasi. Dawa ya minyoo imo? Chanjo imo? Majuma matatu ya maziwa ambayo hajanyonya yamo?"

Mwenyeji alimgeukia sajini. "Afande, mbwa hanunuliwi kama nyanya."

"Ni kweli," alijibu sajini. "Nyanya ikioza naitupa. Huyu akioza watoto wangu watalia."

Swali la mama yule ndilo mizani ya kupimia bei yoyote ya mbwa. Mnunuzi haulizi tu "bei gani," bali "ndani ya bei mna nini," kisha kila kilichokosekana hukitoa. Mtoto asiyechanjwa, gharama ya chanjo itolewe. Mtoto aliyetengwa na mama kabla ya majuma manane apungue thamani sana, na afadhali aachwe, kwani ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kuuma kwa kiasi na kutoogopa ovyo. Mbwa mwoga akiwa mkubwa huwauma wenyeji na wageni sawasawa. Wazazi wasioonekana wahesabiwe kuwa hati nusu. Jamii hii ina ugonjwa wa kurithi wa kiungo cha nyonga, na uthibitisho wake ni picha ya eksirei ya wazazi. Pasipo na picha hiyo, mnunuzi angalau aombe mama atembezwe na kukimbizwa mbele yake. Mama anayeyumba kiuno au anayeinuka kwa taabu amekwisha kutoa jibu. Anayetembea vizuri hajathibitisha kila kitu, lakini ni afadhali kuliko mama aliye kwa ndugu.

Walipokuwa wakirudi, kijana mmoja kando ya barabara aliwaonyesha boksi lenye watoto wanne, kila mmoja shilingi 250,000, "Mjerumani kabisa." Mmoja alikuwa amelala, pua imekauka, na boksi linanuka kuhara. Hapa sajini alishawishika kwa sababu bei ilimwacha na fedha mfukoni. Mkewe alimvuta mkono. Mtoto wa namna hiyo akiingia nyumbani na parvo, hafi peke yake. Huacha ugonjwa katika udongo wa ua kwa miezi mingi, pengine hata mwaka na zaidi, na mtoto mwingine asiye na chanjo akiletwa hapo atafuata njia ile ile. Bei ya 250,000 ingelipwa mara mbili, na ua ungebaki umechafuka.

Usiku ule mume na mke waliketi mezani na daftari. Katika akiba ya 2,000,000 waliondoa karo, zikabaki 1,100,000. Chakula cha mbwa, posho na mukene na mabaki ya nyama, walikikadiria shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 90 za mwanzo ni 270,000. Chanjo na daktari wa mifugo walitenga 150,000. Banda la mbao lenye bati, 180,000. Jumla ikawa 600,000. Zikabaki 500,000, na hizo ndizo zilizokuwa bei ya juu kabisa ambayo nyumba ile iliweza kumlipia mtoto wa mbwa siku ile, hata kama mwuzaji angeapa.

Sajini aliendelea kupiga hesabu. Shilingi 3,000 kwa siku ni 1,095,000 kwa mwaka, na mbwa wa Kijerumani huishi aghalabu miaka 9 hadi 13. Ndipo alipotambua kwamba bei ya kununulia, iliyomnyima usingizi wiki nzima, ilikuwa kama mwaka mmoja tu wa chakula. Mtu akinunua mbwa kwa fedha zote alizo nazo, amenunua mdomo asioweza kuulisha.

"Basi tuchukue wa kijijini," alisema mkewe. "Kwetu hutolewa kwa jogoo mmoja."

Shauri hilo halikuwa la dharau, wala halistahili kuchekwa. Jirani zetu wa misitu ya Kongo wana mbwa wadogo wenye masikio wima na mkia uliojikunja, wanaowindia. Wazungu waliwaita Basenji, jina lililo karibu na neno "washenzi." Mwaka 1895 wachache walionyeshwa Uingereza, wakafa upesi kwa distempa. Majaribio ya baadaye yalifaulu, na mwaka 1937 walikuwa kivutio katika maonyesho ya Crufts, London. Tangu hapo wakawa mbwa wa ukoo, wenye hati na bei. Lakini kwa kuwa wazazi wa kwanza walikuwa wachache, wakizalishwa wao kwa wao, magonjwa ya kurithi yaliwaandama, mojawapo likiwa la figo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kutafuta mbwa wa vijijini wa kuitia damu mpya jamii yao, na mwaka 1990 kitabu cha Marekani kikafunguliwa ili mbwa hao waandikwe. Waliokuwa na hati walikwenda kuomba afya kwa wasio na hati.

Kwa nyumba inayotaka tu kuamshwa mgeni anapogusa lango usiku, mbwa wa kijijini aliyechanjwa na kushiba anatosha. Mwenye kutaka ukubwa na tabia ya Mjerumani, anayefundishika upesi, ana haki ya kumtaka. Bali alipie uthibitisho, asilipie sifa.

Sajini alimtaka Mjerumani, na mkewe hakumzuia; alimtaka asubiri. Kwa msaada wa daktari wa mifugo walimpata mstaafu mmoja mwenye jike lililokimbia mbele yao bila kuyumba, na kadi za watoto wa uzao uliopita zenye tarehe na sahihi ya daktari. Bei yake ilikuwa 700,000, mtoto akitolewa akiwa na majuma manane, amepewa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza. Watoto hawakuwapo kwa wakati ule. Jike lilikuwa limepandishwa juma lile lile.

Mama Watoto akafungua tena daftari. Siku 63 za mimba na siku 56 za kunyonya ni siku 119, karibu miezi minne. Pengo kati ya 500,000 na 700,000 ni 200,000, yaani shilingi 50,000 kila mwezi. Wahenga walisema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Aliandika mwezi wa kwanza juu ya ukurasa, akaweka noti hamsini za elfu moja ndani ya bahasha, akamwambia mumewe akazibe tundu la ua kwa miiba kabla ya giza kuingia.